Pinde za Mkono wa Kushoto

Mwalimu wangu wa usanifu majengo, kule chuoni Nairobi, alikuwa Mwingereza asiyependa maneno mengi. Aliniambia wazi: nilete utafiti wa maana juu ya nyumba moja ya kale, la sivyo nisirudi muhula ujao. Sikuhangaika. Kwetu Goweko, kando ya njia ya zamani ya misafara, kulikuwa na tembe ya bibi yangu, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Ukutani bibi alikuwa amechora pinde kwa vidole, udongo ungali mbichi, zimepandana kama magamba ya samaki. Alikuwa amekwisha kufariki, na shangazi ndiye aliyeishi humo.

Nikampelekea shangazi salamu kwa karani wa stesheni kwamba naja kuipima nyumba na kuichora. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu sisi, ukisikia mtu anakuja kuitazama nyumba yako, utamwonyesha ukuta uliochakaa?

Nilipofika, harufu ya udongo mbichi ilinipokea kabla ya shangazi. Yeye na wanawake majirani walikuwa wamekandika kuta zote, ndani na nje. Pinde za bibi hazikuonekana hata moja.

"Shikamoo, shangazi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna? Nyumba haijapendeza?"

"Mmefuta mkono wa bibi! Sasa nitachora nini?"

Majirani wakatazamana. Shangazi akacheka mpaka akaketi. "Bibi yako naye alimfuta mama mkwe wake. Ulitaka nikupokee kwenye nyufa, watu waseme huna kwenu?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile aliyeugua ni mgeni.

Kesho yake nilianza kupima hivyo hivyo, kwa hasira, maana kurudi mikono mitupu nisingeweza. Jua la asubuhi likaupiga ukuta kwa ubavu, na hapo nikaziona: pinde safu kwa safu, mfano wa zile za bibi, ila zimelalia upande wa pili. Shangazi, aliyezichora upya, alikuwa wa mkono wa kushoto. Hasira ikaniisha, nikabaki natabasamu peke yangu. Nikazichora zote, nikaandika kwamba nyumba ile haina umri mmoja, bali ina umri wa kila mwanamke aliyeikandika. Mwalimu aliusoma utafiti wangu akakubali niendelee na masomo.

Shangazi hakuwahi kuiona kazi yenyewe. Alifariki mwaka uleule, na tembe isiyo na mtu wa kuikandika haichelewi kuanguka. Mvua iliichukua.

Mchoro ninao bado. Namshukuru shangazi kwa kuikandika bila kuniuliza. Angeniuliza, ningemkataza, na leo mkono wake nisingekuwa nao.