Mkebe wa Samoni Siku ya Sabato

Anzeni kunicheka sasa hivi mmalize kabisa, ndipo niwasimulie, maana kila nikikumbuka siku ile masikio yangu bado hupata moto, na mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni husema neno moja tu, "mkebe," nami nanywea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nauza katika duka moja mjini Kisii, duka la vyakula vya wenye nazo: siagi, biskuti, na mikebe ya samoni kutoka ng'ambo, aliyetiwa nyanya na pilipili humo humo ndani. Samaki yule nilijua kumsifu kuliko hata waliomvua. Mteja akisimama tu mbele ya rafu mimi nishaanza: protini ya kujenga mwili, mafuta ya kung'arisha ngozi, na mifupa yake, mama, ni laini, unaitafuna pamoja na nyama, hiyo ndiyo chokaa ya kukaza mifupa yako wewe! (Kumla sikuwahi kumla. Mshahara wangu ulikuwa wa omena, dagaa wale wa ziwani.)

Basi nikampenda Kemunto, binti wa wakulima wa chai upande wa Ikonge. Mimi Mkatoliki, kwao Wasabato hasa, wale ambao moto wa kupika unazimwa Ijumaa jua likizama na hauwashwi tena hadi Jumamosi jua lizame. Baba yake alisema atanitazama mara moja tu: nikimpendeza, mazungumzo ya mahari yaanze, nisipompendeza, nisikanyage tena boma lake. Siku aliyochagua ni Sabato, baada ya ibada. Mnaona mtego huo? Sikulala vizuri wiki nzima, kwa sababu yule msichana nilimtaka kweli.

Hapo ndipo nikajiona nina akili. Nikawaza, hawa watu hawapiki Sabato, sasa mgeni abebe nini? Samoni! Ameshapikwa, ameshaungwa, hahitaji moto wala chumvi, unafungua unakula, na Mzee ataona huyu Mkatoliki anaiheshimu Sabato kuliko majirani zake. Rafiki yangu Makori, aliyekuwa anisindikize, akaniuliza, "Kwani huwezi kubeba sukari kama watu wengine?" Nikamwambia yeye hajaendelea.

Tukapokewa vizuri. Baba yake Kemunto alikaa kwenye kiti chake kikubwa, karibu yake mama yake mzazi, nyanya yake Kemunto, kikongwe asiye na jino hata moja, na mama yake Kemunto akakaa kule mbali mlangoni, amevaa gauni jeupe la kanisani. Alikaa kule kwa sababu kwetu Wagusii mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawashikani mikono, hata kuangaliana usoni ni shida. Hiyo ndiyo chinsoni, na mkwe akiivunja anatozwa mbuzi. Mezani kulikuwa na viazi vitamu, ndizi, maharagwe na maziwa ya mala, vyote vya tangu Ijumaa, vimefunikwa vizuri. Samoni wangu hakuhitajika na mtu yeyote, na ningenyamaza tungekula tukaenda zetu.

Sikunyamaza. Nikautoa mkebe mfukoni nikaanza hotuba ya dukani, protini, mafuta, chokaa, nikasimama kabisa kama mhubiri. Mzee akaupokea, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Hii samaki iko na magamba?"

"Mzee, vitamini ziko nyingi sana."

"Sijauliza vitamini, omomura, wewe kijana. Nimeuliza magamba. Sisi hatukuli samaki haina mapezi na magamba."

Kijana wa watu nikatoka jasho. Miezi yote ile ya kusifu, na samaki mwenyewe sikujua anafananaje! Picha iliyo kwenye mkebe ilikuwa ndogo, samaki anaruka majini, na ukiitazama vibaya ungesema ni ndizi. Kemunto akanitolea macho ya kusema achana nayo. Mimi nikasema, "Tuifungue, tuione wenyewe!"

Kifaa cha kufungulia nilikuwa nimekiacha dukani. Nikaomba panga. Ili nisiharibu meza ya watu nikachukua mkebe nikauweka pale kwenye kizingiti cha mlango (mnakumbuka nani alikuwa ameketi mlangoni), Makori akasema, "Polepole, ndugu yangu," nami nikapiga kwa nguvu zote za mwanamume anayetafuta mke.

Mchuzi wa nyanya uliruka wote. Ukampata mama yake Kemunto shavuni, begani, na chini kwenye lile gauni jeupe, na mimi, badala ya kufa papo hapo, nikachomoa kitambaa changu cha mfukoni, nikapiga magoti, nikaanza kumpangusa. "Pole mama, pole sana mama," shavu, bega, shavu tena. Nilipogundua mkono wangu uko wapi, Makori alikuwa anahesabu mabati ya paa.

Mzee akasema taratibu, "Hilo ni neno la chinsoni. Lakini leo ni Sabato, maneno kama hayo hayasemwi. Tutangoja jua lizame."

Tukangoja! Jua la Ikonge siku hiyo lilikataa kushuka. Nilikaa nikinuka nyanya, nikimuaga Kemunto moyoni. Mzee aliinua kipande kimoja kwa uma, akakipeleka dirishani, akakuta ngozi yenye alama za magamba, akasema, "Samaki haina makosa. Makosa iko kwa yule aliileta." Mtu pekee aliyefurahi ni yule nyanya kikongwe. Aliuvuta mkebe kwake, akala kimya kimya, nyama, ngozi na mifupa yote, akatafuna mifupa kwa fizi.

Jua likazama. Wakaomba, taa ikawashwa, Mzee akakohoa. "Huyu kijana amemshika mama wa msichana mbele yetu sote. Ataleta mbuzi, halafu aende zake, nisimwone tena."

Nikainamisha kichwa. Ndipo nyanya akaweka mkebe mtupu chini.

"Mbuzi ya nini?"

"Ya chinsoni, mama," Mzee akamjibu.

"Chinsoni ni ya mkwe. Kama yeye ni mgeni tu, amempangusa mtu mchuzi, mwambieni asante. Kama mnataka mbuzi, basi huyo ni mkwe wenu, na mnamfukuza kwa nini?" Akajilamba kidole. "Tangu meno yangu yang'oke sijatafuna mfupa. Leo nimetafuna."

Kutoka chumba cha ndani, alikokuwa amekwenda kubadilisha gauni, mama mkwe akasema kwa sauti, "Mimi nataka mbuzi!"

Mbuzi nilimpeleka wiki iliyofuata, na sijawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile. Lakini tangu siku hiyo mkebe sifungui nyumbani kwa mtu, awe Msabato awe Mkatoliki. Na nikifika Ikonge, mama mkwe hunisalimu kutoka kule jikoni, na panga huwa ameshalificha.