Siku Nilipowapa Popo Moto

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufundisha ngumbaru, yaani watu wazima waliotaka kujua kusoma na kuandika, katika kanisa la mabati huko milimani Meru. Nilikuwa kwenye majaribio. Afisa wa elimu angekuja mara moja tu, awasikilize wanafunzi, kisha aamue kama nithibitishwe kazini au nirudi kwetu Karurumo, Embu, kuchuma kahawa ya baba. Kahawa niliichukia kuliko dhambi.

Darini mwa kanisa waliishi popo, na mavi yao yalidondokea madaftari yetu, basi nikaona heri niwafanye somo. Jambo lenyewe si gumu. Popo hupiga kelele nyembamba tusizozisikia, kelele hugonga ukuta na kumrudia, na ubongo wake hupima zilivyochelewa. Kuna seli za ubongo zinazoamka sauti ikirudi upesi, na nyingine zinazongoja ile inayokawia, ndipo popo akajua ukuta uko umbali gani. Ningalisema hivyo, mambo yangalikwisha. Lakini darasani nilisema mwangwi. Mwangwi huu, mwangwi ule, ubongo na mwangwi. Nililipenda neno hilo. Lilinifanya nijione mtangazaji wa redio.

Wanafunzi waliitikia kwa vichwa. Kuanzia siku iliyofuata, nyanya mmoja, aliyewazidi wote umri, akawa anakuja na ndoo ya maji na kuiweka kando ya benchi lake. Nilidhani ni kiu.

Baada ya wiki mbili afisa akaja, mtu wa pwani, nadhifu, mpole. Akauliza popo anajuaje kwamba ukuta uko karibu. Nyanya akasimama.

"Kwa mwanki," akajibu.

Afisa alidhani ni mwangwi kwa lafudhi ya mlimani. Akatabasamu, akamwomba aendelee. Mimi nikajua nimekwisha, kwa maana mwanki kwa Kimeru ni moto. Hata kwetu Embu tunasema mwaki, kwa hiyo sikuwa na pa kujitetea.

"Popo iko na moto kwa mdomo," nyanya akaeleza. "Ukuta ikiwa karibu, anasikia joto inamrudia. Ikiwa mbali, anasikia baridi. Na ndio maana analala kichwa chini, jivu imwagike."

Darasa zima likakubali. Afisa akanigeukia polepole.

Nikaeleza upya, safari hii kwa Kimeru changu kibovu, huku nikipiga makofi kuuelekea ukuta ili wasikie. Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama ndoo yake. Wiki mbili nzima alikuwa akipanda mlima na maji hayo ili tusiteketee kanisani. Afisa alicheka hadi akavua miwani. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli.

Alipotulia, afisa akawauliza wanafunzi kama wanataka nibaki. Wote wakamwangalia nyanya.

"Abaki," akasema. "Ni mtoto mzuri. Lakini tukimwitikia kwa kichwa, atuulize tumesikia nini."

Afisa akayaandika maneno hayo kwenye fomu yangu, neno kwa neno. Hivyo ndivyo nilivyothibitishwa kazini, kwa sharti la mwanafunzi ambaye alikuwa bado hajui kuandika jina lake.