Pijo Iliyosimama Juu Sana

"Kuka, mbona gari inaangalia mawingu? Inataka kupaa?"

Hiyo ndiyo salamu nilimpatia mzee, kabla ata azime injini. Nilimwita kuka kwa sababu ni rika ya babu yangu. Alikuwa ametoka kwake karibu na Myanga na Pijo yake ya zamani, akaileta gereji yetu hapa Kitale. Nyuma ilikuwa imelala kabisa, pua iko juu.

"Inaangalia Mlima Elgon," akasema. "Wewe funga mdomo, fungua springi."

Tukapendana hapo hapo.

Akanieleza. Yeye na bibi yake wamekaa pamoja, wakalea watoto, wakalea wajukuu, lakini kanisani hawajawahi kusimama mbele ya pasta. Sasa pasta amekubali kubariki ndoa yao Jumamosi, na alitaka kumpeleka na hiyo hiyo Pijo.

"Irudishe vile ilitoka dukani," akasema. "Isizidi. Mama watoto alipasuliwa nyonga, hapandi vitu za juu. Na anataka kuingia kanisani na miguu yake mwenyewe. Saa hii anafanya mazoezi, kutoka jikoni mpaka kwa ghala, na fimbo."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Nilisikia vizuri sana, halafu nikasema, "Kuka, bibi arusi hapandi gari, anabebwa!" Akacheka, akaenda kutafuta chai, na ile maneno ikaishia kwa kicheko.

Kazi yenyewe si ngumu. Unainua gari na jeki, unaweka stendi, unafungua shoki chini, halafu unashusha ekseli pole pole mpaka springi inatoka yenyewe. Za mzee zilikuwa zimechoka, moja mkia umevunjika kwa kutu. Zenye ziko sawa na hizo sikupata Kitale. Nikapata za ile Pijo ndefu ya kubeba mizigo. Hizo ni ngumu, na peke yake zingeinua gari kidogo. Lakini mimi nikaongeza raba nene juu ya springi, ipande zaidi. Mbele pia nikaweka raba, ndio isikae ikichungulia chini.

Huku kwetu hatupimi na tepu. Unaweka ngumi katikati ya tairi na madigadi. Vile hiyo gari ilitengenezwa, ngumi moja inaingia kwa kubanwa. Yangu ziliingia mbili, na nafasi ikabaki. Na si ati nilikosea. Nilitaka. Hakuna mtu amewahi kurudi gereji kulia ati gari iko juu sana. Wanarudi kwa sababu tumbo imegonga matope ya Saboti, ama wamebeba mahindi Tongaren ikalala. Gari ya juu ndiyo watu wanasema, "Eh, huyo fundi!" Nilitaka waseme.

Jumamosi nikaipeleka mwenyewe, nimeiosha, na shati safi, maana kuka alisema nitaendesha na nitakula. Boma ilikuwa imejaa. Kukhu, yaani nyanya, bibi ya kuka, akatoka na gauni nyeupe na kitambaa ya kichwa, anatembea na fimbo, hataki kushikwa. Akafika kwa mlango wa mbele, akageuka, akaipatia kiti mgongo. Hivyo ndivyo anaingianga: anakaa kwanza, halafu mjukuu anamwingizia miguu.

Akakaa. Kiti haikuwa hapo. Ilikuwa juu, ikamgonga kwa mgongo.

Akajaribu tena. Na mimi, mdomo huu wangu: "Kukhu, nilete ngazi?"

Wamama wakacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia kiti, akasema pole pole, "Hii kiti nimeikalia miaka yote. Leo imenikataa."

Nikasema natoa raba saa hii, nishaanza kukunja shati. Kuka akaangalia saa. Pasta alikuwa na arusi ingine nyuma yetu. Wajukuu wakataka kumbeba, akawakatalia. "Mimi si gunia."

Halafu akanionyesha mtaro nje ya fensi. "Wewe fundi, ingiza magurudumu huko."

Nikaingiza. Akasimama kwa ukingo, kiti ikamfikia sawa, akakaa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natoka jasho.

Sasa kanisa iko kwa uwanja, na huo uwanja ni sawa kama meza. Nikazunguka nikitafuta ata kichuguu. Hakuna. Mjukuu akafungua mlango, Kukhu akatoa mguu nje, mguu ukaning'inia. Kuruka hawezi, daktari alimkataza. Akashikilia mlango muda mrefu. Halafu akarudisha mguu ndani.

Pasta ndiye alitoka. Kwaya ikatoka, watu wote wakatoka na simu zao. Kuka akasimama nje kwa dirisha, mkono juu ya paa. Na mimi niko kwa usukani, hapo hapo karibu na bibi arusi, siwezi kutoka, siwezi kujificha. Pasta akamuuliza Kukhu, akajibu "Ndiyo" akiangalia mbele. Mimi nilikuwa naangalia spidomita. Ilikuwa inasoma sufuri.

Watu walisema imekuwa nzuri, ati hawajawahi kuona arusi ya namna hiyo. Kuka akazunguka, akanipatia mkono kwa dirisha langu. "Kijana, hii gari imesimama juu. Asante sana bana."

"Kukhu, pole," nikasema chini chini.

Alikuwa anaangalia mlango wa kanisa. Ulikuwa wazi pande zote mbili, maua yamefungwa, na ndani hakuna mtu.