Sauti Ambazo Mpasuaji Hakuzisikiliza

Ofisini tulimwita Mpasuaji, maana kazi yake ilikuwa kufungua simu na kompyuta zilizokufa na kutoa yaliyomo ili mahakama iyaone. Meza yangu ilitazamana na yake. Salamu zake nilizisikia kila siku, maongezi yake kwa nadra mno. Akipita, watu waligeuza simu zao kifudifudi na kuchekana. Upuuzi mtupu! Umbea wa watu ulikuwa umemkinaisha zamani.

Nyumbani nako hakuwa na mtu. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yao wa pekee alimnunia tangu siku baba alipoifungua simu ya binti huyo kwa siri akasoma ujumbe wa mchumba. "Mtu mzima na akili zako!" binti alimwambia, akafungasha virago akahama.

Basi tulishangaa binti huyo alipotokea mlangoni pa ofisi yetu na simu iliyotumbukia majini. Ndani mlikuwa na sauti za mama yake, alizozirekodi mama akiwa mgonjwa. Mafundi wote wa mjini walikuwa wameshanawa mikono.

"Shikamoo, baba. Ukiweza kuzitoa, zitoe. Lakini usisikilize hata moja."

"Marahaba. Sitasikiliza."

"Niapie."

Akaapa.

Mkuu wetu alimruhusu aifanye kazi hiyo wakati wa chakula. Aliikausha simu, akachomoa chipu ya kumbukumbu kwa hewa ya moto, akanakili kila kitu, kwani sisi hatuchezei kitu cha asili, tunafanyia kazi nakala. Kisha akalinganisha namba za faili za asili na za nakala. Kompyuta huipa kila faili namba yake, na faili ikibadilika hata chembe, namba nayo hubadilika. Zililingana. Akajua rekodi zimenakiliwa kamili bila kusikia neno. Spika za masikioni zilikuwa hapo hapo mezani, na nilimwona akizitazama kwa muda mrefu. Roho iliniuma. Binti alipochukua zake, Mpasuaji akaifuta nakala, kama utaratibu unavyotaka.

"Si ungebaki hata na moja, mzee?" nilimuuliza.

"Si zangu," alijibu.

Wiki iliyofuata binti akapiga simu. Mpasuaji alikuwa na bisibisi mkononi, akaiweka simu kwenye spika kama kawaida yake, tukasikia sote.

"Baba, ile ya mwisho, mama anapokusema, uliisikia, si ndiyo?"

"Sikuisikia."

"Usinidanganye. Ulikuwa nazo zote mkononi!"

Kumbukumbu za mashine zingemtetea. Hicho ndicho alichokuwa akifanya mahakamani miaka yote, kuonyesha nani alifungua nini. Lakini hakuzigusa. Aliuliza tu: "Mama yako alisema nini?"

Nadhani hapo ndipo binti alipoamini, kwa sababu mtu anayejua jibu haulizi hivyo.

"Alisema, 'Baba yako hajui kuomba radhi. Usimsubiri, utazeeka bure.'"

Tuliotaka kucheka tulikimeza kicheko. Mpasuaji aliweka bisibisi chini. Akaichukua, akaiweka tena. Nilitamani kumtikisa: sema basi, mzee!

"Nisamehe, mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Rudia, baba. Sijasikia vizuri."

Akarudia kwa sauti kubwa, ofisi nzima ikimtazama, wala spika hakuizima.