Orodha ya Wagonjwa

Nilipomaliza chuo cha theolojia, katikati ya miaka ya tisini, nilipelekwa kwa mwaka mmoja wa majaribio katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto Kilombero, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka kwenye pantoni ya Kivukoni. Nilikuwa na cheti, na joho ambalo nilikuwa bado sijaruhusiwa kulivaa. Kabla ya kuwekewa mikono na kubarikiwa kuwa mchungaji, sikuweza kubatiza wala kutoa Meza ya Bwana. Niliweza kuhubiri, kufundisha watoto wa kipaimara, na kubeba vitu.

Wavuvi waliligundua hilo mapema. Kila nilipopita waliniita mchungaji wa kesho, wakaniomba niwabarikie nyavu kwa kuwa kambale wamewakimbia. Mara ya kwanza nilishuka kwenye baiskeli nikawaeleza kwamba jambo hilo lina mtu wake, ila ningeweza kuomba pamoja nao kama Mkristo yeyote. Walicheka sana.

"Huyu hata kuitikia shikamoo ataomba kibali," mmoja wao alisema.

Nilicheka nao, kisha njia nzima nikajiuliza kama alilidharau kanisa au alinidharau mimi tu, na kama ni mimi, je, nilipaswa kumkemea?

Mlezi wangu pale kijijini alikuwa mwinjilisti mzee, aliyelitunza kanisa lile tangu kuta zake zilipokuwa za mianzi. Hakuwa amesoma chuo chochote. Mchungaji mwenyewe aliishi Ifakara na vijiji vyake vilikuwa vingi. Kwetu alivuka kwa pantoni kila baada ya miezi miwili au mitatu, na masika mto ulipofurika hakuja kabisa. Kabla ya kila ziara, mwinjilisti aliandika kwenye karatasi ya daftari majina ya wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Baada ya ibada mchungaji aliifuata karatasi hiyo nyumba kwa nyumba, akiwapelekea mkate na divai. Juu yake paliandikwa jina la mtu na mahali nyumba yake ilipo. Basi.

Mwaka ule macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, kwa hiyo alinikabidhi kalamu. Alitaja majina sita. Kisha akataja la saba, bibi mmoja aliyekaa mwisho wa kijiji, karibu na majaruba ya mpunga.

Nilimfahamu. Kila Jumapili, mpaka miguu ilipomwishia nguvu, alikaa benchi la nyuma kabisa. Alibatizwa akiwa msichana, mume wake wa kwanza akafa, akaolewa na mwanamume aliyekuwa na mke tayari. Kanisa likamtenga. Alikuwa na ruhusa ya kusikiliza, kuimba na kutoa sadaka, ila mezani asikaribie mpaka amwache mume. Alikuwa na watoto watano wa yule mume, wala hakuwa na kwao kwa kurudi. Basi akabaki benchi la nyuma miaka yote ile. Mkeka ambao wenzake walipigia magoti mbele ya altare aliusuka yeye, na ulipochakaa akasuka mwingine. Sasa alikuwa amevimba tumbo na miguu, na hospitali ya Ifakara walikuwa wamemrudisha nyumbani.

"Mzee, si ametengwa huyu?" niliuliza.

"Andika jina."

"Mchungaji anafahamu?"

"Mchungaji ataingia nyumba ya mgonjwa, atamkuta mgonjwa. Andika, mwanangu."

Niliandika. Jioni ile ile nilikwenda kumwona bibi. Alikuwa ameshaambiwa. Aliniuliza kama jina lake limeandikwa sawasawa, nami nikamhakikishia kwamba limo. Alimwagiza binti yake aifue kanga yake nyeupe.

Hapo ningetulia. Lakini kwa siku tatu nililigeuza jambo lile kila upande. Mchungaji ndiye ambaye angeandika ripoti yangu, na bila ripoti nzuri nisingebarikiwa. Akija kujua baadaye kwamba mwandiko ni wangu? Nilijiambia kwamba shida yangu si ripoti, ni ukweli. Kwamba mtumishi haanzi kazi kwa kuficha. Kisha, na hili ndilo linaloniuma kuliko hofu yenyewe, nikaanza kufurahi. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu watu waliotengwa, mwalimu akaisifu. Nikaona kwamba nafasi imefika. Ningemtetea bibi wazi wazi, kwa hoja, na mchungaji angeshawishika. Nikajaza kurasa mbili, mistari ya Biblia hapa na pale, nikazikunja ndani ya orodha.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji alikaa kunywa chai na wazee watatu wa kanisa. Nikamkabidhi. Alisoma orodha, akafungua kurasa zangu, akasoma polepole mpaka mwisho. Mzee mmoja akamuuliza kijana wetu ameandika nini kirefu namna ile. Mchungaji alisema ni habari za wagonjwa. Mzee akanyoosha mkono, na kwa kuwa ni desturi wazee kuona kila kinacholetwa mezani, akapewa. Alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno "ametengwa" wenzake waliacha kunywa. Mwinjilisti, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniangalia mara moja tu, akatoka.

Tulikwenda nyumba sita, mimi nikibeba kasha la vyombo vya Meza ya Bwana. Kutoka nyumba ya sita unaona ya saba. Bibi alikuwa amewekwa nje kwenye kivuli cha paa, kanga nyeupe begani, na mbele yake kigoda kilichotandikwa kitambaa. Binti yake alisimama alipotuona. Mchungaji alitazama upande ule, akafunga kasha mwenyewe, akaniambia tumemaliza. Tuligeuka. Sikuangalia nyuma, kwa hiyo sijui binti alisimama kwa muda gani.

Nilimsindikiza mchungaji mpaka Kivukoni, kasha likiwa mapajani mwangu nyuma ya pikipiki yake. Pantoni ilikuwa upande wa pili. Tukisubiri, nilimuuliza kama hoja zangu zilikuwa na kasoro. Nilimuuliza hivyo kweli.

"Hazina kasoro," alisema. "Miaka kumi na moja yule mzee ananipa orodha. Unadhani wote nilioingia kwao walikuwa na cheti cha ndoa? Yeye hakuniambia, mimi sikumuuliza. Ungeniletea jina tu."

Nikamwomba turudi. Alitikisa kichwa. Sasa anajua, alisema, na wazee wanajua kwamba anajua. Akirudi leo, wiki ijayo ataitwa ajieleze. Nilimchukia kwa jibu lile. Alikuwa mwoga, na woga wake niliutambua vizuri kwa sababu tulikuwa tumegawana. Kabla ya kupanda pantoni alinishika bega, akaniambia nisiwe na wasiwasi kuhusu ripoti. Ataandika kwamba mimi ni mwaminifu na sifichi kitu.

Kesho yake nilikwenda kwa bibi kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimweleza kwamba nilitaka apewe haki yake mbele ya watu wote, isionekane kama ameingizwa mezani kwa siri. Alinisikiliza amefumba macho.

"Mimi sikukuomba unitetee," alisema. "Nilikuuliza kama jina limeandikwa."

Nikauliza kama naweza kumwombea. Akasema mwinjilisti atakuja, ataomba yeye. Binti alinisindikiza mpaka njiani kama mgeni yeyote, akanishukuru kwa kuja, nami ningependa zaidi anitukane.

Mvua zilianza wiki ile ile. Mto ukapanda, pantoni ikafungwa, na ziara ya mchungaji ikasogezwa mpaka maji yatakapopungua. Nilihesabu wiki. Nilianza barua nyingine kwa mchungaji, nikaichana, nikaanza nyingine. Mwinjilisti hakunigombeza hata siku moja. Alinipa kazi kama kawaida, tukala pamoja, tukasali pamoja. Ila kalamu hakunipa tena. Orodha aliiandika mwenyewe, karatasi karibu na pua.

Asubuhi moja alinigongea mapema, akaniambia niende kwa watu waliohamia mashambani kulinda mpunga, nikakae nao siku mbili, nisali nao kwenye madungu yao. Nilishangaa kidogo, maana njia ilikuwa tope tupu na zamu hiyo haikuwa yangu. Alisema watu wale wamekaa muda mrefu bila neno. Nikaenda. Nilihubiri mara nne, chini ya vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, watoto wakirusha mawe kufukuza ndege.

Niliporudi nilipita makaburi ya kanisa, yale ambayo waliotengwa hawazikwi humo. Palikuwa na kaburi jipya, udongo bado haujakauka, na msalaba wa mbao wenye jina la bibi katika mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri.

Mwinjilisti alikuwa anakunywa uji. Alinikaribisha, akauliza habari za mashambani, nikamwambia ni nzuri. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa makaburini, na joho lake la uinjilisti lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Nilielewa kwamba nimefanyiwa kile alichomfanyia mchungaji miaka yote: nimepewa nafasi ya kutojua. Tofauti ni kwamba mchungaji alipewa kwa kuaminiwa. Mimi niliondolewa kijijini.

Nilitamani kuuliza wimbo gani uliimbwa, na kama binti alilia, na kama kuna mtu aliyenitaja. Aliniwekea uji, nikanywa.