Turubai la Rangi ya Chungwa

Mpiga picha wa harusi hapa mjini Payakumbuh hamwambii mtu atabasamu. Huipulizia lenzi pumzi, huifuta kwa ncha ya mtandio, hubana viwiko mbavuni, kisha humlaani kimyakimya kila anayesimama mbele yake na simu. Leo adui yake ni turubai. Jua la adhuhuri linapenya kitambaa cha rangi ya chungwa, na nyuso zote chini yake, hata uso wa Yelni bibi harusi, zimegeuka maboga.

“Si utaitengeneza kwenye kompyuta, dada?” akasema mjomba wa Yelni, mwenye shughuli yake.

“Nikiitoa hiyo rangi, mjomba, dhahabu ya taji nayo inatoka. Yelni ataonekana kavaa bati kichwani.”

Yelni, shingo imemkakamaa chini ya suntiang, lile taji la maua ya dhahabu, zito kama mtungi, akacheka kwa macho tu. Mpiga picha akavua viatu, akapanda kiti, akafungua kamba. Turubai likaporomoka upande mmoja, mwanga mweupe ukamwagika jukwaani.

“Wewe! Nani kakutuma? Wingu lile hulioni?” mjomba akapaza sauti.

“Naliona. Ndilo nililokuwa nalingoja. Jua kali linachoma sura.”

Wingu likafika, na matone yake. Mjomba akaja mbio na mwamvuli, anafoka, akamkinga Yelni. Mpiga picha, maji yakimtiririka shingoni, hakuondoa jicho kwenye kamera.

“Sogea nyuma, mjomba. Unamtia kivuli.”

Mjomba akasogea.