Mashati Yanayohama Mawili Mawili

Binti yangu anapiga pasi kwenye duka la dobi. Wenzake wamempa jina la Mkunjo, kwa sababu nguo ikitoka mkononi mwake hata ukiutafuta huuoni. Shule aliacha kidato cha pili, mwaka ule nilipougua mgongo nikalala miezi minane. Alinipikia, akaniogesha, akanigeuza kitandani. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi alipoanza kutoweka kila Jumapili mchana, roho haikunitulia. Duka hufungwa siku hiyo. Anakwenda kufanya nini? Nikavaa viatu nikamfuata. Nikamkuta na watu watatu wameizunguka meza ya kupigia pasi: mwalimu mstaafu wa hesabu, muuguzi wa kike na fundi vigae mwenye magoti yaliyosagika. Mezani kulitandazwa karatasi za kaki za kufungia nguo, zimejaa namba. Walikuwa wanapeana maswali ya hesabu kwa raha zao tu, kama wengine wanavyocheza karata.

Fundi aliponiona akaniuliza nilisoma hadi wapi; nilipomjibu akafurahi, akasema mwamuzi amepatikana. Kwao jibu peke yake halitoshi. Lazima uthibitishe kwamba haiwezi kuwa vingine. Na wa kuridhishwa si mwalimu, ni yule aliyesoma kidogo kuliko wote chumbani. Akisema "bado" mara tatu, karatasi yako inatupwa kwenye kapu la nguo chafu. Akiridhika, muuguzi anaandika kazi yako na jina lako kwenye daftari la jalada gumu. Mimi niliishia darasa la nne. Kwa mara ya kwanza maishani nikapewa kiti kwa sababu ya kutosoma.

Nikawa naenda kila Jumapili. Siku moja mwalimu akaleta swali. Watu wamekutana, baadhi wamepeana mikono. Wahesabu wale waliopeana mikono mara witiri, yaani mara moja, au tatu, au tano. Kwa nini idadi ya watu hao haiwi witiri kamwe? Watakuwa wawili, au wanne, au hayupo hata mmoja.

Muuguzi aliorodhesha salamu zote za watu wanne. Nikamuuliza, je, wakiwa mia? Kapuni. Mwalimu naye alijaza karatasi herufi tupu, nikamwambia bado mara tatu, ingawa sikuwahi kumkatalia mwalimu. Kapuni.

"Usijali, mwalimu," fundi akamwambia, "kesho zitafuliwa."

Fundi mwenyewe alinawa mikono mapema. Ikabaki zamu ya Mkunjo, Jumapili ya tatu. Wiki nzima alikuwa anaongea peke yake jikoni, mboga anaitia chumvi mara mbili. Daftarini jina lake halikuwemo hata mara moja. Mwalimu alikuwa amesema, bila ubaya, kwamba uthibitisho unataka shule, na binti huyu ana kipaji cha kubahatisha. Neno hilo lilimkaa. Mimi lilinichoma zaidi, kwa kuwa shule yake niliikatiza mimi nilipolala kitandani.

Mara ya kwanza alieleza harakaharaka, macho chini. Sikuelewa. Nilitamani kusema nimeelewa, nani angejua? Lakini yeye angejua, uso wangu anausoma tangu mdogo.

"Bado," nikasema.

Akachora nukta na mistari kwa chaki sakafuni. Nikazitazama mpaka macho yakauma.

"Bado, mwanangu."

Muuguzi akageukia dirishani.

Binti yangu akaweka chaki chini. Akaenda kwenye bomba la kutundikia nguo, akasogeza mashati saba yote upande wa kulia.

"Mama, kila shati ni mtu, na hakuna aliyemsalimu mwenzake bado. Mtu akipeana mkono, shati lake linahama upande. Mara moja, liko kushoto. Mara mbili, limerudi kulia."

"Kwa hiyo kushoto ni wale wa witiri."

"Ndio hao. Sasa chagua wawili wasalimiane."

Nikachagua la bluu na jeupe. Yote mawili yakaenda kushoto. Nikachagua jeupe na la mistari; moja likarudi, moja likaenda, bado mawili. Nikaona nimtege. Nikakazana nibakize shati moja tu kushoto, nikayahamisha mpaka henga zikalia, sikuweza. Ndipo nikaona. Mtu hapeani mkono peke yake. Kila salamu inahamisha mashati mawili: yanaongezeka mawili, yanapungua mawili, au yanapishana. Umeanza na sifuri, hiyo moja utaifikia wapi?

"Hata wakiwa mia," nikasema. "Hata elfu."

"Unasemaje, mama?" mwalimu akauliza.

"Nimeelewa. Na asiyeelewa aje, nitamweleza mimi."

Mwalimu alichukua daftari, akaandika kwa mkono wake, na ikabidi amuulize binti yangu jina lake kamili. Alipomaliza akasema, "Lile neno kubahatisha nililosema mimi, nimelifuta," akampa mkono. Fundi akayarudisha mashati yote kulia, kisha akasukuma mawili kushoto, la mwalimu na la binti yangu. Kisha binti yangu akanigeukia, akanipa mkono mimi pia, akaung'ang'ania. Fundi akasukuma tena, lake na langu.

Nikatazama bombani. La binti yangu lilikuwa limerudi kulia. La mwalimu na langu yalibaki kushoto, mawili.